Carl Jung: mtoto wa mchungaji aliyepanda Mlima Elgon kuuliza watu ndoto zao (uzi mrefu)

Mwana wa Fundi:

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka auweke akiba asome usiku akitulia.

Nianze na la kwangu, mjue kwa nini nimekaa na maisha ya mtu huyu miaka kadhaa. Marehemu baba alikuwa fundi cherehani. Baada ya kumzika nilianza kumwota ndoto ileile: kasimama nyuma yangu, futi ya kushonea mkononi, ananipima mabega. Haongei. Anapima, anaandika, anapima tena. Naamka shati limelowa. Nikaenda kwa mtumishi mmoja wa Mungu, akasema ni roho ya mauti inanifuata, tukaomba siku tatu. Nikaenda hospitali, daktari akasema msongo wa mawazo, akaniandikia vidonge vya usingizi. Wote walinitendea kwa nia njema kabisa. Ila hakuna hata mmoja aliyeniuliza baba alikuwa ananipima nguo gani.

Katika kuhangaika ndipo nikakutana na kumbukumbu za Carl Gustav Jung, daktari wa magonjwa ya akili wa Uswisi, zile alizosimulia uzeeni na katibu wake Aniela Jaffé akaziandika. Zilitoka 1962, mwaka mmoja baada ya yeye kufariki. Nilitegemea nadharia. Nikakuta mtu anaeleza maisha yake yote kwa ndoto, na matukio ya nje kayagusa juujuu tu. Vita viwili vya dunia vinapita kwa mistari michache, ndoto moja ya utotoni inachukua kurasa.

Jung alizaliwa tarehe 26 Julai 1875 Kesswil, kijiji kando ya ziwa Constance. Baba yake, Paul, alikuwa mchungaji wa kanisa la Reformed, la Kiprotestanti. Kwa upande wa mama, babu yake Samuel Preiswerk alikuwa kiongozi wa kanisa Basel, na katika ukoo ilijulikana wazi kwamba mzee huyo alizungumza na marehemu. Kwa hiyo mtoto alilelewa na nyumba mbili ndani ya moja: mchana katekisimu, usiku habari za mizimu. Mama mwenyewe mchana alikuwa mama wa kawaida, mnene, mkarimu, na usiku mtoto alimwogopa, akihisi ndani yake mna mtu mwingine wa zamani sana.

Akiwa na miaka kumi hivi alichonga kisanamu kwenye ncha ya rula yake ya shule. Akakivalisha koti kubwa jeusi la wino, akakitengenezea kitanda ndani ya kikasha cha penseli, akakilaza pamoja na jiwe la mto Rhine alilolipaka rangi. Akakificha darini, juu ya boriti, mahali ambapo mbao zilikuwa zimeoza na watoto walikatazwa kupanda. Kila alipoonewa shuleni au mama alipozidiwa na maradhi, alikumbuka kisanamu chake kule juu, moyo ukatulia. Mara nyingine alipanda kwa siri, akampelekea kikaratasi kilichoandikwa kwa maandishi ya siri aliyoyabuni mwenyewe. Hakumwambia mtu. Aliyelelewa kwetu anajua mtoto akikutwa na kitu kama hicho ataulizwa nani kampa. Yeye hakupewa na mtu, na hilo lilimshangaza mpaka uzeeni.

Halafu likaja jambo la kanisa kuu la Basel. Ana miaka kumi na miwili, anatoka shule, jua linawaka juu ya paa jipya la vigae vinavyong'aa. Akawaza jinsi Mungu alivyokaa juu ya hayo yote kwenye kiti cha dhahabu. Hapo akahisi kuna wazo linakuja nyuma ya wazo hilo, na kwamba akiliacha liingie atakuwa ametenda dhambi isiyosameheka. Akalizuia. Siku nzima, usiku mzima, halali, mama anamuuliza nini, hasemi. Usiku wa tatu akajiuliza: nani ananilazimisha kuwaza nisichotaka? Adamu na Hawa nao, si Mungu ndiye aliyewaumba hivyo walivyo? Akajikaza kama mtu anayeruka motoni, akaliachia. Akaona uchafu ukishuka kutoka chini ya kile kiti cha enzi, ukaangukia paa, ukavunja kuta za kanisa.

Alilia kwa furaha. Anasema alipokea neema ambayo hajawahi kuisikia kanisani. Akahisi Mungu aliye hai ni mkubwa kuliko jengo lake na kuliko vitabu vyake, na anaweza kumdai mtu jambo la kutisha.

Sasa weka hilo pembeni ya hili. Anafundishwa kipaimara na baba yake mwenyewe. Katekisimu inamchosha, ila anasubiri kwa hamu fungu moja, la Utatu Mtakatifu, umoja ambao ni watatu. Walipofika, baba akamwambia hili tutaliruka, kwa sababu mimi mwenyewe sielewi chochote hapo.

Kijana alimheshimu kwa kusema kweli. Lakini kitu kilivunjika. Alipokwenda kwenye meza ya Bwana mara ya kwanza aliona mkate mkavu, divai chachu, na wazee wenye nyuso za kazi inayopaswa kumalizika. Akarudi nyumbani anamhurumia baba yake. Akajua mzee amefungwa: anaamini kwa nguvu zote kitu ambacho hajawahi kukutana nacho, na hathubutu kuuliza. Paul Jung alifariki Januari 1896, mwanawe ana miaka ishirini, mwanafunzi wa udaktari.

Kwa maoni yangu kila alichofanya Jung baadaye ni kurudi kwenye ule ukurasa aliouruka baba yake.

Naendelea baadaye kidogo.

Pwani Moja:

Nimekaa kitako mkuu. Shusha.

Bint Salma:

Hapo pa kisanamu nimesisimka. Endelea kaka yangu.

Mwana wa Fundi:

Tuendelee.

Desemba 1900 aliingia kazini Burghölzli, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Zürich, chini ya Eugen Bleuler. Hapo ndipo alipojijengea jina. Alikuwa anamtajia mgonjwa maneno moja moja na kupima muda anaochukua kujibu. Neno likigusa kidonda, mtu anasita, anakosea, anacheka pasipo kichekesho. Alichokigundua kwenye kusita huko Waswahili tunakiita donge. Mtu ana donge moyoni, na hilo donge lina maisha yake, linaweza kumsemesha mtu maneno ambayo hakukusudia.

Ila kilichonigusa mimi ni kwamba aliwasikiliza wale waliokwisha kuandikwa kuwa maneno yao ni upuuzi mtupu. Alikaa nao akidhani kila neno lina maana ambayo bado hajaifikia.

Mwaka 1907 akaenda Vienna kumwona Sigmund Freud, daktari aliyeanzisha tiba ya kuchambua nafsi, na siku ile ya kwanza walizungumza karibu saa kumi na tatu mfululizo. Freud alimzidi miaka kumi na tisa, akamfanya kama mwana na mrithi. Lakini 1910 Freud akamtaka aahidi kwamba hataiacha kamwe nadharia yake Freud ya tamaa ya mwili, waifanye msingi usiotikisika, ngome. Jung akauliza ngome dhidi ya nini. Dhidi ya tope jeusi la mambo ya mizimu, akajibiwa.

Fikiria sikio la mtoto wa mchungaji likisikia hilo. Baba wa kwanza alisema hapa tuparuke. Baba wa pili anasema hapa tupajengee ukuta. Mapema 1913 urafiki ukavunjika, na Jung akabaki peke yake akiwa na miaka thelathini na saba.

Oktoba mwaka huohuo, yuko kwenye treni kwenda Schaffhausen, akaona maono akiwa macho: mafuriko yamefunika nchi zote kati ya bahari ya Kaskazini na milima ya Alps, maelfu ya maiti yanaelea, kisha maji yote yakageuka damu. Wiki mbili baadaye yakarudi. Akadhani anapatwa na ugonjwa anaoutibu kwa wengine. Agosti 1914 vita vilipozuka akaelewa kwamba alichokiona hakikuwa chake peke yake.

Kabla ya vita lakini, tarehe 12 Desemba 1913, ameketi mezani kwake na hofu zake, akaamua kuacha kujizuia. Akajiachia. Anasema ardhi ilifunguka chini ya miguu akadondoka gizani. Tangu siku hiyo akaanza kushuka kwa makusudi na kuongea na wale aliowakuta huko: mzee Eliya na binti kipofu, na baadaye mwingine aliyemwita Filemoni, mzee mwenye pembe za fahali na mbawa za rangi ya mdiria. Siku alizokuwa anaichora picha ya Filemoni alimkuta mdiria amekufa bustanini kwake, ndege asiyeonekana sana maeneo yale.

Filemoni akamfundisha jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha yote. Wewe unadhani mawazo unayatengeneza mwenyewe, alimwambia, lakini mawazo ni kama wanyama msituni au watu ndani ya chumba. Ukiwakuta watu chumbani huwezi kusema umewaumba.

Yote hayo aliyaandika kwenye madaftari, kisha akayanakili kwa mwandiko wa kupendeza na picha za rangi katika kitabu kikubwa chenye jalada la ngozi nyekundu. Alikishughulikia kama miaka kumi na sita, akakiacha katikati ya sentensi. Familia ikakihifadhi hadi kilipochapishwa 2009.

Nesi wa Zamu:

Kaka samahani nikukatishe. Mimi nafanya kazi wodi ya wagonjwa wa akili. Mgonjwa akinijia na mzee mwenye pembe na mbawa najua tunaanzia wapi. Tofauti ya Jung na huyo mgonjwa wangu ni ipi? Nauliza kwa dhati, kwa sababu kuna vijana watasoma hapa waache dawa wakidhani wanaitwa na Filemoni.

Mwana wa Fundi:

Dada Nesi, asante sana. Swali hilo lilikuwa lake pia, na hakulikwepa. Alimtaja Nietzsche, mwanafalsafa Mjerumani aliyepotelea ndani ya mawazo yake kwa kukosa mahali pa kusimama. Yeye alikuwa na pa kusimama, na anapataja kama mtu anayeshika kamba: mimi nina cheti cha udaktari cha chuo cha Uswisi, lazima niwasaidie wagonjwa wangu, nina mke na watoto watano, naishi Seestrasse namba 228, Küsnacht. Asubuhi alipokea wagonjwa. Jioni ndiyo alishuka. Ikimzidi alifanya yoga kidogo ajitulize kisha akarudi kazini. Hakuacha kutibu wagonjwa wake binafsi, wala hakukwepa jeshi lilipomwita.

Kwa hiyo anayesoma hapa na anasikia sauti, mfuate dada Nesi kwanza. Huo ni ushauri wangu na naamini ungekuwa wake.

Bint Salma:

Umetaja mke. Emma alikuwa wapi wakati mume anaongea na wazee wenye mbawa?

Mwana wa Fundi:

Alikuwa analea watoto watano na kuishikilia ile namba 228 isianguke. Na bado haijatosha. Miaka hiyohiyo Jung alimpenda Toni Wolff, aliyekuwa mgonjwa wake na baadaye msaidizi wake, na hakuficha. Toni alikuja kula chakula cha Jumapili mezani pao. Emma aliumia, akakaa, naye akawa mtaalamu wa tiba hiyohiyo kwa haki yake. Sipati namna ya kulipamba hili. Mtu alifika mbali sana ndani ya roho yake na nyumbani kwake mwanamke alilipa sehemu ya nauli.

Kitale Kwetu:

Mleta uzi fika Elgon bana, kichwa cha habari kimetuita sisi.

Mwana wa Fundi:

Nafika.

Januari 1925 alikuwa Taos, Marekani, kwa Wahindi Wekundu wa Pueblo, ambako mzee mmoja alimwambia wazungu wana wazimu kwa sababu wanafikiri kwa kichwa. Jung akamuuliza nanyi mnafikiri kwa nini, mzee akagusa moyo wake. Hilo lilimkaa. Mwaka huohuo, Novemba, akashuka Mombasa akiwa na Mwingereza Peter Baynes na kijana Mmarekani George Beckwith. Siku mbili, kisha treni ya jioni kuelekea Nairobi.

Alfajiri akaamka, treni inazunguka mteremko wa mwamba mwekundu. Juu ya mwamba amesimama mtu mwembamba mweusi, ameegemea mkuki, anaitazama treni chini yake, pembeni mti wa mpungate kama kinara cha taa. Jung anasema alipigwa na hisia kwamba ameshawahi kuwa hapo, kwamba anamfahamu mtu yule na alikuwa anamsubiri miaka elfu tano. Hakuweza kulieleza, na hakujilazimisha.

Toka Nairobi wakaenda kwa gari dogo la Ford hadi nyika za Athi. Akatembea peke yake mpaka asiwaone wenzake. Swala, nyumbu, pundamilia, mpaka upeo wa macho, wanalisha na kutikisa vichwa, mbele kwa mbele kama mto wa polepole. Kimya kabisa isipokuwa ndege mmoja. Akawaza: haya yote yamekuwepo hivi tangu mwanzo na hakuna aliyejua kwamba yapo. Hapo akaona kazi ya binadamu ni nini. Mtu anapotazama na kusema hiki kipo, anamalizia uumbaji. Huyu ni yule mtoto aliyeuliza kwa nini Mungu ameniumba niwaze nisichotaka. Sasa ana miaka hamsini na amepewa sehemu ya jibu porini Kenya.

Kisha Kakamega, kisha kwa miguu na wapagazi mpaka mteremko wa kusini wa Mlima Elgon, kambi ikapigwa kama mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Nywele zake zilikuwa na mvi tayari, wakamwita mzee. Alijifunza Kiswahili cha kubabaisha, na kamusi mkononi, na kila siku akaketi na wenyeji kufanya shauri. Neno hilo ndilo alilolitumia, shauri, mpaka ndani ya kitabu chake cha Kijerumani.

Akawauliza ndoto. Akawaahidi sigara, viberiti, pini. Hakuna aliyekuja na ndoto. Wanacheka, wanaangalia pembeni. Mwisho akaletwa laibon, mzee wa tambiko, amevaa joho la ngozi za kima wa buluu. Jung akamuuliza kuhusu ndoto, na mzee akajibu machozi yakimlengalenga: zamani malaibon walikuwa na ndoto, wakajua kama vita inakuja, au ugonjwa, kama mvua itanyesha, ng'ombe wapelekwe wapi. Babu yangu alikuwa akiota. Tangu wazungu waje hakuna anayeota tena. Ndoto za nini, siku hizi Waingereza wanajua kila kitu. DC anajua.

Wakuu, nilipofika hapo niliweka kitabu chini. Jung alisafiri kutoka nyumba ya mchungaji asiyekutana na Mungu wake mpaka kwenye mlima wa Kiafrika, akamkuta mzee wa pili aliyekaukiwa. Wa kwanza alikaushwa na imani ya maneno, wa pili akakaushwa na serikali. Nami nikamkumbuka yule mtumishi wa Mungu na yule daktari. Wote walijua kila kitu.

Kitale Kwetu:

Umenigusa. Acha niongeze kama mtu wa huko. Hao anaowaita Elgonyi ni Wakony, ni sehemu ya Wasabaot, na Wasabaot ni Kalenjin. Sasa mimi nimesoma pale pa jua. Anasema kila asubuhi watu wanatoka nyumbani, wanatema mate viganjani, au wanapuliza kwa nguvu, halafu wanaelekeza viganja kwa jua linapochomoza. Akawauliza maana yake, wakamwambia tumefanya hivi siku zote. Akawauliza, jua ni mungu? Wakacheka. Akaonyesha jua likiwa juu: wakati liko huku mnasema si mungu, lakini likiwa mashariki mnasema ni mungu? Wakanyamaza, ndipo mzee mmoja akasema ni kweli, likiwa juu si mungu, likichomoza ndio mungu. Akaandika neno lao, adhista.

Sasa kwa Kikalenjin jua ni asista, na Mungu ni Asis. Alisikia sawasawa kabisa. Lakini aliuliza kwa Kiswahili, akitumia neno Mungu, ambalo si lake wala si la wale wazee. Hata mimi ningecheka. Mtu anauliza kwa lugha ya tatu kama Asis ni Mungu!

Mwana wa Fundi:

Mkuu, hili ndilo lililokuwa linanikosa. Shukrani sana.

Na ona alichokifanya nalo. Kila asubuhi alibeba kiti chake, akaketi chini ya mti wa mgunga kabla ya mapambazuko. Bonde giza, kisha mwanga unajaa polepole mpaka vitu vinaonekana kama vimewekewa taa kwa ndani. Karibu na hapo palikuwa na jabali la nyani. Siku nzima kelele, ila asubuhi wanakaa kimya ukingoni wakielekea jua, kama wanasubiri. Akaambiwa pia kuna mwingine, ayik, wa giza, na saa kumi na mbili jioni furaha ya mchana inakatika watu wanaingia kwenye ulimwengu wa hofu. Akahitimisha kwamba Mungu wa watu hawa si lile jua wala si mwanga. Ni ile dakika mwanga unapoingia. Wenyeji hawakuhitaji kuieleza, waliifanya, kwa pumzi na mate yao, yaani kwa nafsi zao.

Baba yake alikuwa na maelezo bila ile dakika.

Mtafiti Huru:

Uzi mzuri lakini msimpake mafuta. Huyu ndiye aliyetuita watu wa asili, kana kwamba Mwafrika ni utoto wa mzungu. Alitembea na askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, na baraka za gavana. Na miaka ya thelathini aliandika nini kuhusu Wayahudi?

Mwana wa Fundi:

Ni kweli yote. Alikuja akitafuta kwetu utoto wa binadamu, na alipotukuta tunacheka na kuchoka kama watu wote aliandika bado kama tumesimama nyuma kwenye njia yake. Alipokuwa huku aliota kinyozi wake mweusi wa Chattanooga, Tennessee, anamkunja nywele zifanane na zake, akaamka kwa hofu kwamba Afrika inammeza. Hofu hiyo inasema mengi juu yake kuliko juu yetu. Hata hivyo alikiri baadaye kwamba safari ile, aliyoiita ya utafiti, ilikuwa kweli ya kuuliza kinachompata Jung porini Afrika.

Kuhusu Wayahudi, 1933 alikubali kuongoza chama cha madaktari wa tiba ya nafsi kilichokuwa kimeshikwa na Ujerumani, na 1934, Wanazi wakiwa tayari madarakani, akachapisha maneno ya kutofautisha nafsi ya Kiyahudi na ya Kijerumani. Watetezi wake wanasema aliwalinda wenzake Wayahudi wabaki na uanachama. Mimi nasema mtu aliyeona damu ikifunika Ulaya 1913 alipaswa kuona zaidi 1934. Linaniuma kwa sababu nampenda.

Pwani Moja:

Mimi ni Mwislamu, nina neno moja. Kwetu ndoto ni za namna tatu: ya kheri inayotoka kwa Allah, ya kutisha ya shetani, na ya nafsi kujisemesha mambo yake ya mchana. Na ndoto haisimuliwi kila mtu, anasimuliwa anayekupenda au mwenye elimu. Jung amezitambua zote tatu au kaziweka zote kwenye nafsi?

Mwana wa Fundi:

Ustadh, hapo ndipo wachungaji na mapadri nao walimkaba. Padri Victor White, Mdominiko rafiki yake mkubwa, aliachana naye juu ya jambo hilo baada ya Jung kutoa kitabu chake kuhusu Ayubu, 1952. Jung alisema mimi ni daktari, nasema ninachokiona ndani ya mtu, siwezi kusema kilichoko nyuma yake. Lakini mlangoni kwake Küsnacht alichonga maneno ya Kilatini yanayosema, ameitwa au hakuitwa, Mungu atakuwepo. Na 1959 mtangazaji John Freeman wa BBC alipomuuliza kama anamwamini Mungu, akanyamaza kidogo, akasema ni vigumu kujibu, najua, sihitaji kuamini, najua. Barua zikamiminika. Akafafanua kwamba anajua anakutana na kitu kinachomzidi, kinachokatiza mapenzi yake, na hicho ndicho anachokiita Mungu.

Wakati huo alikuwa amekwisha kufa nusu. Mwaka 1944 alivunjika mguu, kisha akapata mshtuko wa moyo, na katika kuugua akajiona yuko juu sana ya dunia, bahari ya buluu chini, kisiwa cha Ceylon (leo Sri Lanka) chini ya miguu. Mbele yake jiwe kubwa jeusi lililotobolewa kuwa hekalu, na ndani watu waliokuwa wanamsubiri. Daktari wake akaja kutoka duniani kumwambia hana ruhusa ya kuondoka. Alirudi kwa uchungu, wiki kadhaa akiiona dunia kama gereza. Siku aliyoruhusiwa kuketi kitandani kwa mara ya kwanza, 4 Aprili, daktari yule alilala na hakuamka tena kitandani. Jung alikuwa mgonjwa wake wa mwisho.

Nimalizie na jiwe, kwa sababu wengi hawalijui. Tangu 1923, baada ya mama yake kufariki, alikuwa anajijengea mnara Bollingen kando ya ziwa Zürich, hauna umeme, anachanja kuni, anapika mwenyewe. Mwaka 1950 aliagiza mawe ya ukuta. Mashua ikaja, na jiwe la pembeni halikuwa lile lililopimwa. Mchemraba mkubwa, kipimo kimekosewa kabisa. Fundi mwashi akakasirika, akawaambia wenye mashua walirudishe. Jung akasema hapana, hilo ni jiwe langu, lazima nilipate. Akalichonga kwa mkono wake. Aliyesoma Zaburi anajua jiwe walilolikataa waashi. Nami namwona pia mtoto wa miaka kumi na jiwe lake la mto kule darini.

Alifariki nyumbani Küsnacht tarehe 6 Juni 1961.

Bint Salma:

Kaka, umetuzungusha dunia nzima ukaacha moja. Baba alikuwa anakupima nguo gani?

Mwana wa Fundi:

Nilijua utaniuliza dada yangu.

Nilipomaliza kile kitabu nilirudi nyumbani, nikaomba ufunguo wa chumba cha cherehani. Nikachukua daftari lake la vipimo. Kila mteja ana ukurasa: jina, kisha bega, kifua, kiuno, mkono. Ukurasa wa mwisho kabisa kaandika jina langu. Chini yake bega, kifua, kiuno, mkono, zote kaziandika, na pembeni hakuna namba. Kitambaa cha koti kilikuwa kwenye rafu, kimefungwa na uzi, karatasi ya jina langu juu. Mara mbili mwaka ule alinipigia simu nije anipime. Mara zote mbili nilimwambia wiki ijayo.

Nikampelekea rafiki yake, fundi wa mtaa wa pili. Alipofungua kitambaa aliuliza nani alikichagua, nikamwambia. Akachukua futi, akazunguka nyuma yangu.

Ndoto imerudi mara moja tu tangu siku hiyo. Ameketi kwenye kiti chake, futi iko shingoni, anatazama nje.